Kiingereza cha Kupata Kazi Ughaibuni: Jinsi ya Kujiandaa Ukiwa Mwanza

Mtu aliyemaliza kidato cha nne hapa Mwanza ana Kiingereza cha aina yake. Amefanya mitihani ya Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza, akisoma habari ya gazeti anaielewa, lakini akipigiwa simu na mtu anayeongea haraka anakwama. Si mjinga. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari akakutana na Kiingereza cha ubaoni, na kengele ikishalia hakuna aliyemwuliza swali kwa lugha hiyo tena. Kusoma kwake kuko mbele, kusikia na kuongea viko nyuma. Maandalizi yaliyoelezwa hapa yanaanzia kwenye pengo hilo.

Jambo jingine la kushika kabla hujalipia tuisheni: Kiingereza chenyewe hakina mshahara. Kinachomlipa mhamiaji ni leseni ya taaluma, alama za viza, au chuo alichoweza kuingia kwa sababu anajua lugha. Wachumi Hoyt Bleakley na Aimee Chin waliandika mwaka 2004 kuhusu watu waliohamia Marekani wakiwa watoto. Waliokijua Kiingereza vizuri zaidi walilipwa zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kwamba walisoma miaka mingi zaidi. Kwa hiyo anayesema "nataka kujua Kiingereza" bado hajasema anataka nini. Aseme mlango anaotaka kuufungua.

Hatua ya 1: Chagua mlango, uandike alama yake ukutani

Kila nchi na kila kazi ina alama yake, na tofauti ya nusu alama inaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima.

Tuanze na Kanada. Anayepitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi kutoka nje, chini ya Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, anatakiwa angalau kiwango cha 7 cha kipimo cha lugha cha Kanada (CLB 7) katika stadi zote nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wenye alama hadi 9, toleo lake la General Training (la kazi na uhamiaji), hiyo ni 6.0 kila stadi. Wengi wakifika hapo wanashukuru Mungu na kuacha kusoma. Hilo ni kosa kubwa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Asiye na mwenzi, CLB 7 inampa pointi 17 kwa kila stadi, jumla 68. CLB 9 inampa 31 kwa kila stadi, jumla 124. Hapo tayari kuna tofauti ya 56. Kama ana shahada moja, muunganiko wa elimu na lugha unapanda kutoka 13 hadi 25. Kama ana uzoefu wa kazi wa miaka mitatu au zaidi nje ya Kanada, muunganiko wa kazi na lugha unapanda kutoka 25 hadi 50. Ukijumlisha, mtu yuleyule, mwenye cheti kilekile na kazi ileile, ameongeza pointi 93 kwa lugha peke yake. Na tangu Machi 2025 pointi za barua ya ajira zimeondolewa, hivyo lugha imezidi kuwa nzito. CLB 9 kwa IELTS ni 8.0 kusikiliza, na 7.0 kusoma, kuandika na kuongea. Andika hizo namba, siyo 6.0.

Kama ulisoma Kifaransa, labda uliishi Bujumbura au Bukavu, usikitupe. Ukifikia kiwango cha 7 cha Kifaransa huku Kiingereza chako kikiwa angalau CLB 5, Kanada inaongeza pointi 50.

Uingereza hesabu yake ni nyingine. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ilikuwa inataka kiwango cha B1, kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya kinachoanzia A1 hadi C2. Kuanzia tarehe 8 Januari 2026 waombaji wapya wanatakiwa B2, ambayo kwa IELTS ni 5.5 katika kila stadi, na lazima iwe ile IELTS iliyoidhinishwa kwa ajili ya viza za Uingereza. Kuna wanaofanya IELTS ya kawaida kisha wanakataliwa ilhali alama zao ni nzuri. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa mtihani, japo aliyesoma shahada kwa Kiingereza anaweza kuomba uthibitisho wa Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha vyeti vya nje, na kuutumia badala yake.

Wauguzi wana mlango wao. Baraza la wauguzi la Uingereza (NMC) linataka IELTS Academic (toleo la vyuo na taaluma) 7.0 kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kuandika. Au OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, daraja B katika hizo tatu na C+ kuandika. Ushauri wetu kwa muuguzi anayefanya kazi wodini, iwe Bugando au hospitali ya wilaya, ni OET. Mtihani wake wa kuandika ni barua ya mgonjwa, na wa kuongea ni maigizo mawili kati yako na mgonjwa au ndugu yake. Ni kazi unayoifanya kila siku. IELTS Academic itakuuliza uandike kuhusu usafiri wa mijini au mchoro wa kiwanda. Ukikosa alama kidogo, NMC inakubali kuunganisha majibu ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi hakuna stadi iliyoshuka mno: kwa IELTS kusoma, kusikiliza na kuongea visiwe chini ya 6.5, na kuandika isipungue 6.0. Aliyesajiliwa NMC hahitaji mtihani mwingine kwa ajili ya viza.

Hatua ya 2: Jipime kabla hujalipa

Pakua mtihani wa mfano kutoka tovuti rasmi ya IELTS au OET, kaa chumba kimya, weka saa, fanya bila kusimamisha. Kwenye mtihani wa kweli rekodi ya kusikiliza inachezwa mara moja tu. Anayejipima huku akirudisha nyuma kusikia tena anajidanganya.

Sahihisha kwa hesabu hii ya kukadiria. Kusikiliza kuna maswali 40: ukipata 23 uko karibu na 6.0, ukipata 30 uko karibu na 7.0, na 35 ni 8.0. Kusoma kwa General Training pia ni maswali 40, lakini ni kugumu kwa alama: 30 ndiyo 6.0, na 34 ndiyo 7.0. Wengi wa huku kwetu wanakuta kusoma kuko sawa na kusikiliza kumeanguka. Ndivyo inavyotarajiwa.

Kuandika na kuongea huwezi kujisahihisha mwenyewe. Tafuta mwalimu mmoja anayejua vigezo vya mtihani, mlipe kwa kusahihisha insha mbili na mahojiano mawili tu, kisha ndipo uamue kama unahitaji tuisheni.

Hatua ya 3: Hesabu saa, halafu panga wiki

Kwa makadirio ya Cambridge, kufika B1 kunachukua saa 350 hadi 400 za masomo tangu mwanzo, B2 saa 500 hadi 600, C1 saa 700 hadi 800. Kutoka B1 hadi B2, basi, ni kama saa 200. Ukisoma saa moja na nusu kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa tisa. Saa 200 zitaisha wiki ya ishirini na tatu hivi, miezi mitano na kidogo. Anayekuahidi B2 kwa wiki nne anakuuzia karatasi ya tangazo.

Saa hizo zigawe kinyume na ulivyozoea shuleni. Nusu iende kwenye kusikiliza na kuongea. Pakua vipindi vya BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council unapokuwa na intaneti ya bure, ili bando lisikutafune. Anayepanda meli ya Nansio kwenda Ukerewe ana saa tatu hivi za kukaa, na daladala ya Buhongwa hadi mjini jioni haina haraka. Sikiliza kipande cha dakika tatu mara tatu: kwanza bila kuandika, mara ya pili andika maneno uliyosikia, mara ya tatu fuata maandishi yake. Utashangaa kuona maneno yaliyokupita ni yale unayoyajua. Uliyajua kwa macho, sikio halikuwahi kuyapata.

Kuongea kunataka kazi yako mwenyewe. Kama unatengeneza minofu ya sangara kiwandani, chukua simu, ujirekodi dakika mbili ukieleza kwa Kiingereza samaki anavyopokelewa, anavyopimwa joto, anavyochunwa ngozi, minofu inavyokatwa na kupangwa kwenye barafu. Kama ni fundi wa kuchomelea, eleza unavyoandaa bati kabla ya kuwasha mashine. Sikiliza rekodi. Kila mahali uliposita, kuna neno moja hulijui. Litafute, urekodi tena siku hiyohiyo. Ukifanya hivi wiki mbili utakuwa umetengeneza majibu ya usaili bila kujua.

Hatua ya 4: Makosa yetu wenyewe

Vitabu vingi vya Kiingereza havikuandikwa vikiwa na msomaji wa Kanda ya Ziwa akilini. Haya ndiyo yanayotuangusha, na hasara yake inaonekana kazini kuliko kwenye mtihani.

La kwanza ni "ndiyo". Kwa Kiswahili mtu akiuliza "Hujampa dawa?" nawe hujampa, unajibu "Ndiyo, sijampa." Unakubaliana na maneno yake. Kwa Kiingereza ni kinyume. Msimamizi wa wodi akiuliza "You haven't given him the insulin?" nawe ukajibu "Yes", anasikia kwamba umempa. Mgonjwa anaruka dozi. Usijibu kamwe kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "No, I haven't given it yet." Jizoeze na mwenzako maswali ishirini ya kukanusha kila siku mpaka ulimi uzoee.

La pili ni saa. Sisi saa moja asubuhi ni "seven". Aliyeambiwa zamu inaanza "at one" akahesabu kwa Kiswahili anafika saa moja, iwe ya asubuhi au ya jioni, na zamu ilikuwa saa saba mchana. Dawa yake si kujifunza kutoa sita kichwani, maana ukichoka utakosea. Badili lugha ya simu yako iwe Kiingereza, weka saa ya mfumo wa 24, na kila ukitazama saa isome kwa Kiingereza moja kwa moja bila kupita kwenye Kiswahili.

La tatu ni r na l. Kisukuma kina l, r si sauti yake, na aliyekulia kwenye lugha hiyo huchanganya hata "kura" na "kula". Kwa Kiswahili watu wanacheka kisha yanaisha. Kwa Kiingereza "right" na "light", "arrive" na "alive", "fry" na "fly" ni maneno tofauti kabisa. Kwa r ya Kiingereza ncha ya ulimi haigusi popote. Kwa l ncha inagusa nyuma ya meno ya juu. Simama mbele ya kioo, sema jozi hizo polepole, kisha mpe mwenzako karatasi achague neno alilosikia. Akikosea kuchagua, kosa ni la kwako. Sambamba na hilo, Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep", "live" na "leave" tunazisema sawa, na mwisho wa neno tunapenda kuongeza irabu: "cup" inakuwa "kapu". Mtahini hakati alama kwa lafudhi. Anakata pale anapolazimika kukisia ulichosema.

Kuna pia "yeye". Haina mume wala mke, na sisi tunaruka kati ya "he" na "she" bila kusikia. Kwenye kukabidhi zamu hospitalini, kumwita mgonjwa wa kiume "she" kunamfanya anayepokea aulize kama mnamzungumzia mtu mmoja. "Azima" nayo inakwenda pande zote mbili, Kiingereza kinatenganisha: unayepokea ni "borrow", unayetoa ni "lend". Na "pole" si "sorry". Mtu akidondosha kikombe ukasema "sorry", kuna watakaodhani wewe ndiye uliyemgonga. Sema "Are you all right?"

Mwisho wa hili, majina. Kwenye kazi nyingi za Kanada na Uingereza bosi anaitwa kwa jina lake la kwanza. Mama mwenye umri wa mama yako akisema mwite Susan, mwite Susan. Kwetu huyo ungempa shikamoo kwanza, na heshima hiyo ni nzuri, lakini kule ukikwepa jina lake kila siku ataona unamkwepa yeye.

Hatua ya 5: Kuandika

IELTS inatoa dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250. Ya pili ina uzito mara mbili. Ipe dakika 40, na ya kwanza 20. Anayeanza na ya kwanza akaipamba kwa nusu saa anaumia.

Shuleni tulifundishwa insha ianze na methali, izunguke, kisha ifike kwenye hoja. Mtahini wa Kiingereza anataka jibu lako kwenye aya ya kwanza. Ukiulizwa kama unakubali, sema unakubali au hukubali, na kwa nini, kwa sentensi mbili. Kila aya ya mwili ibebe hoja moja na mfano mmoja. Mfano wa soko la mwaloni Kirumba ni mzuri kuliko mfano wa New York usiyoijua. Aya za kukariri kutoka YouTube zinatambulika na zinakushusha. Kosa jingine la kila siku ni kuunganisha sentensi tatu kwa mkato bila nukta. Soma ulichoandika kwa sauti ndogo, na pumzi ikikatika weka nukta.

Hatua ya 6: Karatasi na siku ya mtihani

Kabla ya kujisajili panga vyeti vyako vyote mezani pamoja na pasipoti. Angalia jina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kikiwa na "Masanja" na pasipoti "Massanja", au mpangilio wa majina matatu ukitofautiana, tengeneza mapema kwa hati ya kisheria ya majina, maana matokeo ya mtihani yatatoka na jina la pasipoti. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Iombe kwanza, kwa sababu ndiyo utakayojisajilia na ndiyo utakayoingia nayo kwenye chumba.

Angalia kwenye tovuti rasmi vituo na tarehe zilizopo kabla ya kupanga nauli. Kama kituo chako ni Dar es Salaam, usishuke kwenye basi asubuhi ya mtihani. Safari inakula siku nzima, na masikio yaliyochoka yanapoteza maswali matano ya kusikiliza kwa urahisi. Fika siku mbili kabla. Sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14 tu: maswali ya kawaida, kisha mada unayopewa dakika moja kujiandaa na kuongea hadi dakika mbili, kisha mjadala. Kwenye ile mada ya dakika mbili, usinyamaze baada ya sekunde arobaini. Ulishafanya mazoezi na simu.

Majibu yanatumika miaka miwili. Usifanye mtihani kabla vyeti vingine havijakaribia kukamilika.

Hatua ya 7: Madalali

Cheti cha IELTS hakinunuliwi. Balozi na ofisi za uhamiaji hukagua namba yake mtandaoni. Ukikamatwa na cha kughushi, Kanada inakufungia miaka 5 na Uingereza inaweza kukufungia miaka 10. Kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ya Uingereza kulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia leo nafasi hiyo kwa milioni kadhaa anakuuzia mlango uliofungwa. Wakala wa ajira za nje anapaswa kuwa na leseni, na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ndio wa kuwauliza.

Hatua ya 8: CV na usaili

CV iwe kurasa moja hadi mbili. Ondoa picha, umri, dini, kabila, ndoa na jina la baba. Badala ya "nilihusika na wagonjwa" andika idadi: vitanda vingapi, zamu ya watu wangapi, vifaa gani. Ukiambiwa "Tell me about yourself" wanauliza kazi. Usianze ulikozaliwa. Sema unafanya nini sasa, kwa muda gani, na kwa nini nafasi hiyo, kwa dakika moja na nusu. Usiposikia swali, "Could you repeat that, please?" haikupunguzii chochote. Kujibu swali ambalo hukulisikia ndiko kunakupunguzia.

Hatua ya 9: Wiki za kwanza ukishafika

Kanada ina masomo ya bure ya Kiingereza, yanayoitwa LINC, kwa wakazi wa kudumu. Australia ina ya kwake, AMEP. Uingereza ina madarasa ya Kiingereza kwa wageni, ESOL. Jiandikishe wiki ya kwanza, kabla hujapata kazi. Sababu yake ni ratiba: kazi ya kwanza kwa wengi ni ghala la usiku, na ghalani hakuna anayeongea. Mtu anamaliza miaka mitatu akiwa na Kiingereza kilekile alichoshuka nacho kwenye ndege. Ukiweza kuchagua, chukua kazi yenye mazungumzo, hata kama inalipa pungufu kidogo.

Watoto watakupita kwa miezi. Usiwafanye wakalimani wako hospitalini. Hospitali za umma za Uingereza zinatoa mkalimani, na wa Kiswahili yupo kwa simu. Omba unapopanga miadi, siyo ukiwa tayari umeketi mbele ya daktari.